Stirio ya sebuleni, shahidi wa studio ya nyumbani

BRUSSELS – Wanamuziki wengi wa Afrika Mashariki na Kongo wanaoishi Ulaya hurekodi nyimbo zao chumbani, kwa kompyuta na vipokea sauti vya masikioni. Lakini wimbo unaosikika vyema katika chumba cha Brussels huweza kupoteza maneno yake ukifika Bukavu, Kigoma au Mombasa.

Njia moja nyepesi ya kuligundua tatizo hilo mapema ni kuunganisha vifaa vya studio na stirio ya kawaida ya sebuleni. Makala haya yanaeleza namna ya kufanya hivyo bila kuharibu kifaa chochote, na namna ya kuyafahamu yale yatakayosikika.

Kutoka studio kubwa hadi chumbani

Katika manispaa ya Ixelles, karibu na kituo cha metro cha Porte de Namur, kuna mtaa unaojulikana kwa jina la Matonge. Jina hilo limetoka Kinshasa, ambako Matonge ni mtaa wa muziki na starehe. Katika Matonge ya Ubelgiji mtu husikia Kilingala, Kifaransa na Kiswahili cha Kivu na Katanga katika duka moja la vyakula au saluni moja ya nywele.

Uhusiano wa mji huu na muziki wa Kongo ni wa zamani. Mwezi Januari mwaka 1960, wanasiasa wa Kongo walipokutana hapa na serikali ya Ubelgiji kujadili uhuru, Joseph Kabasele, maarufu kwa jina la Grand Kallé, alikuja na wanamuziki wenzake, akiwemo mpiga gitaa Docteur Nico. Hapo ndipo ulipozaliwa wimbo wa "Indépendance Cha Cha", uliotangulia uhuru wenyewe wa tarehe 30 Juni mwaka huo na kusambaa barani Afrika kwa njia ya redio na santuri.

Miaka ishirini na zaidi baadaye, Franco Luambo Makiadi naye alipitisha sehemu ya maisha yake katika mji huu. Alifariki dunia tarehe 12 Oktoba 1989 katika mkoa wa Namur, si mbali na hapa.

Enzi hizo aliyetaka kurekodi alihitaji studio yenye mitambo mikubwa, mafundi, na fedha za kulipia kila saa. Leo kazi ile ile huweza kufanywa kwa kompyuta ndogo. Kampuni ya muziki ya Crammed Discs ya hapa Brussels ilitoa mwaka 2009 albamu ya kundi la Staff Benda Bilili la Kinshasa, ambayo kwa sehemu kubwa ilirekodiwa na Vincent Kenis nje, katika viwanja vya bustani ya wanyama ya Kinshasa, kwa kompyuta ya kubebeka.

Kwa hiyo kifaa si kikwazo tena kama zamani. Kilichokuwa kikitolewa na studio kubwa, na ambacho chumba hakina, ni watu wengine wa kusikiliza na spika nyingine za kusikilizia.

Kwa nini vipokea sauti havitoshi?

Nyumba nyingi za zamani za Ixelles, Schaerbeek na Saint-Gilles zimegawanywa kuwa fleti, na sakafu zake za mbao hupitisha mdundo kwa urahisi. Anayefanya kazi usiku baada ya kutoka kibaruani hawezi kufungulia spika kwa nguvu bila kugombana na majirani, na pengine kuletewa polisi mlangoni. Ndiyo maana wengi hutegemea vipokea sauti vya masikioni.

Vipokea sauti vina manufaa yake. Huonesha mikwaruzo, pumzi za mwimbaji na sehemu zilizokatwa vibaya. Hata hivyo vina udhaifu mkubwa mmoja: sikio la kushoto husikia chaneli ya kushoto tu, na la kulia husikia ya kulia tu. Katika chumba, masikio yote mawili husikia spika zote mbili, pamoja na mwangwi wa kuta.

Matokeo yake ni kwamba ala zilizotenganishwa vizuri kwenye vipokea sauti hugongana zikitoka kwenye spika. Besi iliyoonekana kuwa nzito huwa nyepesi, au kinyume chake. Na sauti ya mwimbaji, iliyokuwa kana kwamba iko katikati ya kichwa cha msikilizaji, hurudi nyuma na kufunikwa na magitaa.

Kwa mtu anayeishi mbali na kwao, hilo si jambo dogo. Nyimbo nyingi zinazorekodiwa vyumbani si za kuuzwa. Ni nyimbo za kwaya, za harusi, na za matanga ya ndugu ambaye mwimbaji hakuweza kwenda kumzika, ama kwa sababu ya nauli, ama kwa sababu ya karatasi za ukimbizi. Wimbo huo hutumwa kwa simu na kusikilizwa uani na watu thelathini waliokizunguka kispika kimoja. Jina la marehemu lisiposikika, wimbo haukufika.

Mafundi wakubwa walifanyaje?

Wazo la kupima muziki kwa spika za kawaida si la maskini wala la wanagenzi. Mwaka 1978 kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa spika ndogo ya nyumbani iitwayo NS-10. Haikupendwa sana na wasikilizaji wa nyumbani, lakini mafundi wa studio waliichukua, na koni yake nyeupe ikawa inaonekana juu ya mitambo ya studio duniani kote. Wengi walisema kwamba muziki ukikubalika kwenye NS-10 utakubalika popote. Yamaha iliacha kuitengeneza mwaka 2001.

Kabla yake kulikuwa na Auratone, kisanduku kidogo chenye spika moja. Fundi Bruce Swedien, aliyerekodi albamu ya "Thriller" ya Michael Jackson ya mwaka 1982, aliitumia sana, ingawa alikuwa na spika kubwa za thamani mbele yake.

Katika vyumba vya redio nako jambo hilo lilijulikana. Pembeni ya spika kubwa za studio kulikuwa na kispika kidogo cha kukagulia kipindi, kwa sababu msikilizaji wa masafa mafupi hakuwa na spika kubwa. Alikuwa na redio ya betri, na mara nyingi aliisikiliza huku mvua ikipiga mabati.

Stirio ya sebuleni ni mrithi wa kispika hicho. Lakini ili iweze kuaminika, ni lazima kwanza iunganishwe ipasavyo. Kosa la waya hufanana sana na kosa la muziki, na mtu huweza kupoteza usiku mzima akirekebisha wimbo usiokuwa na ubaya wowote.

Kuipata stirio na kuijaribu

Si lazima kununua kifaa kipya. Katika uwanja wa Place du Jeu de Balle, mtaa wa Marolles, kuna soko la vitu vilivyotumika ambalo limekuwa likifanyika hapo kila siku tangu mwaka 1873. Amplifaya na spika za miaka ya 1980 huonekana huko mara kwa mara, kama zinavyoonekana katika masoko ya mitumba ya Nairobi na Dar es Salaam.

Kabla ya kulipa, tazama maandishi ya volti nyuma ya kifaa. Umeme wa Ubelgiji ni volti 230. Amplifaya iliyoletwa kutoka Marekani huweza kuwa ya volti 120, na ya Japani volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja katika umeme wa hapa, itaungua.

Aliyekuja na vifaa kutoka Kenya, Uganda au Tanzania atakuta kwamba plagi yake ya pini tatu bapa haiingii katika soketi za Ubelgiji. Atafute adapta yenye waya wa ardhi. Adapta zisizo na waya huo ni rahisi, lakini huondoa kinga dhidi ya umeme.

Kisha ijaribu stirio peke yake, kwa redio au kwa diski unayoijua. Zungusha vitufe vyote. Hakikisha kwamba spika zote mbili zinalia kwa nguvu sawa, na kwamba waya mwekundu umeingia penye alama nyekundu na mweusi penye nyeusi katika kila upande. Hitilafu utakayoisikia hapa ni ya stirio, si ya wimbo wako, na ni vyema kuijua sasa.

Waya gani unakwenda wapi?

Studio nyingi za nyumbani zina kisanduku cha sauti kinachounganisha kompyuta na maikrofoni. Nyuma yake kuna matundu mawili ya kutolea sauti, moja la kushoto na moja la kulia, kwa kawaida ya jeki kubwa ya milimita 6.35. Nyuma ya amplifaya ya stirio kuna jozi za matundu madogo ya duara, moja jekundu na jingine jeupe au jeusi, yanayopokea plagi za RCA.

Kinachohitajika ni nyaya mbili, kila mmoja ukiwa na jeki kubwa ya kawaida ya pete moja nyeusi upande huu na plagi ya RCA upande wa pili. Waya wa kushoto huingia kwenye tundu jeupe, wa kulia kwenye jekundu. Kwenye amplifaya, tumia matundu yaliyoandikwa AUX, CD, TUNER au TAPE IN. Yote hayo hupokea umeme wa kiwango kimoja, na jina lake si muhimu.

Asiye na kisanduku cha sauti anaweza kutumia tundu la vipokea sauti la kompyuta au simu. Hapo huhitajika waya wenye jeki ndogo ya milimita 3.5 upande mmoja na plagi mbili za RCA upande wa pili.

Fuata utaratibu huu. Zima amplifaya na upunguze sauti zake hadi mwisho. Unganisha nyaya. Washa kompyuta na kisanduku kwanza, kisha amplifaya. Cheza wimbo na upandishe sauti polepole. Wakati wa kufunga kazi, amplifaya ndiyo huzimwa kwanza. Ukigeuza mpangilio huo, mshindo wa umeme unaotokea kifaa kinapowashwa au kuzimwa hupita kwenye amplifaya na kuzifikia spika.

Kuna jambo la kiwango pia. Vifaa vya nyumbani hutarajia umeme wa sauti wa kiasi cha theluthi moja ya volti. Vifaa vya kitaalamu vya studio hutoa volti moja na robo hivi, yaani takribani mara nne. Sauti ikikwaruza hata pale amplifaya inapokuwa chini, sababu huenda ni hiyo. Punguza sauti inayotoka kwenye kisanduku, si ile ya amplifaya pekee.

Makosa manne ya kuepuka

La kwanza ni kutumia tundu lililoandikwa PHONO. Hilo ni la gramafoni. Sindano ya gramafoni hutoa umeme mdogo sana, kama volti 0.005, na santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba ikiwa imeongezwa. Kwa hiyo tundu la PHONO hukuza umeme huo mara nyingi, huongeza besi na hupunguza sauti nyembamba. Ukiliingizia sauti ya studio utasikia ngurumo nzito na mikwaruzo.

La pili ni kuchukua sauti kutoka matundu ya spika ya amplifaya na kuirudisha kwenye kisanduku cha sauti. Amplifaya inayotoa wati 20 kwa spika ya omu 8 hutoa zaidi ya volti 12 mahali hapo. Kisanduku cha sauti huweza kuharibika papo hapo. Kadhalika, spika za stirio haziwezi kuchomekwa moja kwa moja kwenye kisanduku, kwa kuwa hazina nguvu zake zenyewe. Lazima amplifaya iwe katikati.

La tatu ni kuzungusha sauti. Baadhi ya watu huunganisha TAPE OUT ya amplifaya na maingizo ya kisanduku ili waweze kurekodi kaseti za zamani. Ukiwa umefungua ingizo hilo kwenye kompyuta huku ukisikiliza kwa stirio ile ile, sauti itazunguka bila kikomo na kugeuka kuwa mlio mkali.

La nne halina kelele, na ndilo linalopotosha zaidi. Matundu mengi ya visanduku vya sauti hutoa sauti moja kwa njia mbili: moja iliyo sawa, na nyingine iliyogeuzwa. Mtu akitumia waya wa jeki yenye pete mbili inayogawanyika kuwa plagi mbili za RCA, ule uliokusudiwa kwa vipokea sauti, sauti iliyo sawa huenda spika ya kushoto na iliyogeuzwa huenda ya kulia. Spika moja inaposukuma hewa, nyingine inaivuta.

Dalili zake ni za ajabu. Besi hutoweka, muziki huonekana kutoka pande zote isipokuwa katikati, na ukiziunganisha chaneli mbili kuwa moja wimbo hunyamaza. Mtu asiyejua sababu ataongeza besi mara mbili na kuuharibu wimbo uliokuwa sawa. Spika zilizofungwa kinyume, nyekundu kwa nyeusi upande mmoja, hutoa dalili zinazofanana na hizo, isipokuwa kule kunyamaza.

Mngurumo unatoka wapi?

Baada ya kuunganisha, wengi husikia mngurumo wa chini usiokoma. Umeme wa Ubelgiji, kama ule wa Afrika Mashariki, hugeuka mara 50 kwa sekunde, na huo ndio mlio unaosikika, pamoja na mwingine wa 100 ulio mara mbili yake.

Sababu ya kawaida ni kwamba vifaa vimeunganishwa na ardhi kwa njia mbili tofauti, na umeme kidogo hupita katika waya wa sauti baina ya njia hizo. Chomeka vifaa vyote kwenye soketi moja ya nyongeza. Ikiwa kompyuta ni ya kubebeka, chomoa chaja na uiache itumie betri. Mngurumo ukikoma, chanzo umekipata.

Katika nyumba za hapa kuna mshukiwa mwingine: waya wa televisheni ya kebo ulioingizwa kwenye redio ya stirio au kwenye televisheni iliyounganishwa nayo. Uchomoe na usikilize tena.

Mngurumo ukibaki, kuna visanduku vidogo vya kutenganisha waya wa sauti, vinavyouzwa kwa bei nafuu. Jambo lisilofaa hata kidogo ni kukata waya wa ardhi wa plagi. Mngurumo utaisha, lakini hitilafu ya baadaye itapita katika mwili wa aliyeshika gitaa au maikrofoni.

Na Bluetooth je? Inafaa kwa kusikiliza wimbo uliokwisha, kwa kuwa ndivyo wasikilizaji wengi wafanyavyo. Haifai kwa kuimbia au kupigia ala, kwa sababu huchelewesha sauti kwa kiasi kinachohisiwa. Pia huibana sauti, hivyo uamuzi wa mwisho usitegemee njia hiyo peke yake.

Namna ya kusikiliza

Waya ukiwa sawa, kazi yenyewe huanza. Weka vitufe vya besi na sauti nyembamba katikati, na uzime kitufe kilichoandikwa LOUDNESS. Kitufe hicho kina historia. Mwaka 1933 watafiti Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell nchini Marekani walionesha kwamba sikio la mwanadamu hupunguza hisia zake kwa besi pale sauti inapokuwa ndogo. LOUDNESS huongeza besi ili kufidia upungufu huo, na kwa hiyo hukudanganya kuhusu wimbo wako.

Sikiliza kwanza kwa sauti ya chini, ya kiasi cha mazungumzo. Sauti kubwa hupendezesha kila kitu. Sauti ndogo huonesha ni nini hasa kilicho mbele. Ikiwa kwa sauti hiyo bado unafuata maneno na mdundo, umefika pazuri.

Kisha cheza wimbo wa mtu mwingine wa aina hiyo hiyo, unaoujua kwa miaka mingi, na uulinganishe na wako. Hakikisha nyimbo zote mbili zina ukubwa sawa wa sauti. La sivyo, ule wenye sauti kubwa utaonekana bora bila sababu.

Hatua inayofuata ni kuunganisha chaneli mbili kuwa moja. Amplifaya nyingi za zamani zina kitufe cha MONO. Kama hakuna, programu ya kompyuta inacho. Zima spika moja na usikilize kwa ile iliyobaki.

Hapa muziki wetu una mtihani wake wa pekee. Katika rumba, gitaa la solo na la mi-solo hupita katika eneo moja la sauti, moja likimjibu mwenzake, hasa wimbo unapoingia kwenye seben. Fundi huliweka moja kushoto na jingine kulia, na kwenye vipokea sauti hupendeza mno. Lakini kispika cha simu ni kimoja, na katika baa nyingi spika inayolia ni moja. Magitaa hayo yakikutana hapo, hugeuka kuwa kelele moja na kuimeza sauti ya mwimbaji. Na pale baa ilipounganisha upande mmoja tu wa stirio, gitaa moja halisikiki kabisa.

Dawa si kuwaweka wote katikati. Ni kumpa kila mmoja nafasi yake: kumpunguza huyu sauti nyembamba, kumpunguza yule sauti ya kati, na kuyateremsha yote mawili kidogo pale mwimbaji anapofungua kinywa.

Inafaa kukumbuka kwamba mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean-Bosco mjini Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akipiga gitaa na kuimba "Masanga" kwa Kiswahili. Gitaa ni moja, sauti ya mtu ni moja, na chaneli ni moja. Rekodi hiyo hupita katika spika ya aina yoyote na bado kila kamba husikika. Uwazi wake umetokana na nafasi iliyoachwa kati ya sauti na sauti.

Besi isiyosikika

Kamba ya chini kabisa ya gitaa la besi hutikisika kama mara 41 kwa sekunde. Sabufa huweza kuitoa. Kispika cha simu, ambacho ni kidogo kuliko sarafu, hakiwezi, na hata mamia kadhaa ya mitikisiko kwa sekunde hukishinda.

Lakini sikio lina akili ya pekee. Likisikia sauti za juu zinazoandamana na noti ya besi, huikisia noti yenyewe hata kama haipo. Kwa hiyo anayetaka besi yake isikike kwenye simu asiongeze uzito wa chini. Aongeze kidogo sauti ya kati ya ala hiyo, pale unaposikika mguso wa kidole kwenye kamba.

Stirio ya sebuleni hapa huwa daraja. Iko kati ya sabufa ya ukumbini na simu ya mkononi, na kosa la besi huonekana juu yake bila kutiwa chumvi upande wowote.

Jaribio la mwisho halihitaji kifaa. Acha wimbo ukicheza sebuleni, nenda jikoni, usimame karibu na sufuria linalochemka. Ukiwa huko hutasikia tena ufundi wako. Utasikia kile anachosikia mtu mwenye shughuli zake. Kama sauti ya mwimbaji bado inakufikia na maneno unayafuata, wimbo utasafiri.

Shahidi si hakimu

Stirio nayo ina upungufu wake. Spika iliyosukumwa kwenye kona ya ukuta huongeza besi, na chumba chenye vigae vitupu huongeza ukali. Zivute spika mbali kidogo na ukuta, ziwe sawa kwa umbali kutoka kwako na baina yao. Hata hivyo usibadilishe wimbo kwa ajili ya stirio moja. Kosa likionekana sebuleni, likaonekana tena kwenye simu na kwenye gari la rafiki, hapo ni la wimbo. Likionekana mahali pamoja tu, huenda ni la mahali hapo.

Andika unayoyasikia kwenye karatasi, uende ukalale, na ubadilishe kesho. Masikio yaliyochoka saa saba za usiku huongeza sauti nyembamba ambayo asubuhi itaumiza.

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Mpiga gitaa anayechanganya wimbo wake mwenyewe hulipandisha gitaa, na mpiga kinanda hukipandisha kinanda. Hawafanyi hivyo kwa hila. Kila mmoja amekwisha kuyajua maneno ya wimbo, hivyo huyasikia hata pale yasiposikika. Msikilizaji wa Uvira au Tanga hayajui, na anayasubiri.

Kwa hiyo, pamoja na stirio, mwite mtu ambaye hajausikia wimbo huo. Mketishe sebuleni, uucheze mara moja kwa sauti ya kawaida, kisha mwombe akuambie wimbo umesema nini na umemtaja nani.

Kwa ufupi:

- Ijaribu stirio peke yake kabla ya kuiunganisha na studio.
- Tumia AUX, CD, TUNER au TAPE IN, kamwe si PHONO.
- Tumia waya mmoja kwa kila upande, na uwashe amplifaya mwisho.
- Tafuta chanzo cha mngurumo, na usikate waya wa ardhi.
- Zima LOUDNESS, sikiliza kwa sauti ya chini, kisha kwa chaneli moja.
- Rekebisha kosa lililosikika mahali zaidi ya pamoja.
- Linda maneno kwanza, ala baadaye.